Nataka kutafiti majeraha ya ubongo, lakini hatuna hata CT-scan

*"Shikamoo daktari. Nilimaliza intaniship mwaka jana, sasa niko kasualti ya hospitali moja ya wilaya kando ya Ziwa Victoria. Karibu kila zamu napokea walioumia kichwa: bodaboda, ugomvi wa makambi ya uvuvi, watoto walioanguka kwenye miembe. Natamani utafiti wa majeraha ya ubongo uwe kazi yangu ya maisha, ila wenzangu wananicheka. Wanasema bila CT-scan huwezi kutafiti ubongo, kwamba nikasomee kwanza upasuaji wa ubongo, na kwamba tafiti zenyewe ni za wazungu, sisi tunajaza fomu tu. Mzee naye anataka nifungue duka la dawa. Hapa kila aliyeumia kichwa tunampa dexamethasone, ndivyo nilivyokuta, kisha naandika rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, na wengi sijui wanaishia wapi. Je, nihame tiba ya dharura? Nianzie wapi? Samahani kwa maneno mengi. Tangu nilipoanguka na pikipiki miezi miwili iliyopita kichwa kinaniuma kila zamu ya usiku na nasahausahau, huenda nimerudia mambo."*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na mkia wa barua yako. Umeeleza vichwa vya watu kwa kirefu, chako ukakiweka mwisho na kukiombea samahani. Kichwa kinachouma miezi miwili baada ya kuanguka kinatakiwa kupimwa, na nitakirudia kabla sijamaliza. Ila kama tangu ulipoandika maumivu yamekuwa yakizidi siku hadi siku, au umetapika, au mkono mmoja umekuwa mzito, au watu wa nyumbani wanakuamsha kwa shida, weka simu chini uende Bugando leo. Mengine utayasoma ukirudi.

Sasa swali lenyewe. Wenzako wanakuambia jambo moja kwa njia tatu: kwamba ubongo uko kwingine. Uko kwenye mashine, uko kwa mpasuaji, uko Ulaya. Mimi nasema uko kwenye machela yako, na zile saa chache unazokaa na mgonjwa kabla ya rufaa ndizo zenye maswali mengi yasiyojibiwa.

Tuanze na hiyo dexamethasone, ambayo ni aina ya steroidi, maana kuna mtu atachomwa leo jioni. Mantiki yake inavutia: steroidi hupunguza uvimbe unaozunguka saratani ya ubongo, hilo ni kweli, basi watu wakadhani zitapunguza na uvimbe wa ubongo uliopigwa. Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari duniani walizitumia hivyo, wengine wakiapa zinasaidia, wengine wakiapa hazisaidii. Mwaka 2004 yakatoka majibu ya jaribio lililoitwa CRASH. Wagonjwa 10,008 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa steroidi, nusu maji yasiyo na dawa. Lengo lilikuwa kufika 20,000, lakini lilisimamishwa njiani: ndani ya wiki mbili walikuwa wamekufa asilimia 21.1 ya waliopewa steroidi, na asilimia 17.9 ya wasiopewa. Yaani kwa kila mia waliotibiwa kwa nia njema, watatu zaidi walizikwa.

Hebu tazama masharti ya kumwingiza mgonjwa kwenye jaribio lile: awe mtu mzima, awe ameumia kichwa ndani ya saa nane, GCS yake, yaani alama za kupima fahamu kutoka 3 hadi 15, iwe 14 au chini. Hayo unayapima kwa macho, masikio na saa ya ukutani. Swali lililobadilisha tiba ya dunia nzima liliulizwa pale pale mlangoni unaposimama wewe. (Na tafadhali, usiingie kesho ukaanza kurusha vichupa kwenye ndoo. Mwone mganga mfawidhi, mketi na mfamasia na wauguzi, mbadilishe utaratibu kwa pamoja. Ukigombana na watu leo, kesho hakuna atakayekujazia fomu.)

Kuhusu ubongo kuwa wa wapasuaji: wapasuaji wa ubongo nawaheshimu, na nimewaamsha usiku mara nyingi kuliko walivyopenda. Lakini wengi wa walioumia kichwa hawaingii chumba cha upasuaji kabisa. Wanachohitaji ni mtu anayeelewa kinachoendelea ndani ya fuvu.

Fuvu ni kama chungu chenye mfuniko usiofunguka. Ndani mna ubongo, damu, na maji yanayouzunguka ubongo. Kimoja kikiongezeka, tuseme damu imevuja, sharti vingine vipishe. Mwanzoni maji na damu ya vena husogea, na mgonjwa anaonekana mzima. Anaongea, anadai soda, anataka kurudi nyumbani. Nafasi ikiisha, shinikizo hupanda ghafla. Na damu huingia kwenye ubongo kwa tofauti iliyopo kati ya presha ya mwili na shinikizo la ndani ya fuvu. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hula karibu asilimia 20 ya oksijeni, haujui kuvumilia njaa. Kwa hiyo kijana mwenye ubongo uliovimba, ambaye pia bandama limepasuka na hakuna aliyeligusa tumbo lake, anapata kipigo kutoka pande mbili: shinikizo linapanda kichwani, presha inashuka mwilini.

Kipigo cha kwanza kilishatokea barabarani, na hakuna fundi wa kukirudisha nyuma. Cha pili hutokea mikononi mwetu, kwenye machela, kwenye boti, kwenye ambulensi. Tangu mwaka 1993 kulikuwa na takwimu za Marekani zilizoonyesha kwamba kwa walioumia vibaya kichwani, ile namba ya juu ya presha kushuka chini ya 90 kuliendana na vifo zaidi ya maradufu. Baadaye, huko Arizona, wahudumu wa ambulensi walifundishwa mambo matatu: oksijeni isishuke, presha isishuke, na anayepumuliwa kwa mfuko wa Ambu, ule wa kukamuliwa kwa mkono, asipumuliwe mbiombio, kwa sababu kumpumulia haraka hubana mishipa ya damu ya ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019, wagonjwa zaidi ya 21,000. Kwa wote kwa pamoja tofauti haikuonekana wazi. Kwa walioumia vibaya, uwezekano wa kutoka hospitali wakiwa hai uliongezeka kama mara mbili. Ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada ya mafunzo, haukuwa wa bahati nasibu, kwa hiyo upokee kwa kiasi. Lakini angalia zana zake: mashine ya presha, kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, na mkono uliofundishwa.

Mwaka huo huo wa 2019 ilikuja CRASH-3, wagonjwa 12,737 katika nchi 29, safari hii wakijaribu tranexamic acid, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Kwa waliotibiwa ndani ya saa tatu, vifo vilivyotokana na jeraha la kichwa vilikuwa asilimia 18.5 kwa waliopewa na 19.8 kwa wasiopewa, tofauti isiyotosha kuapia. Walipotazamwa walioumia kidogo na kiasi, ilikuwa 5.8 dhidi ya 7.5, na kadiri dawa ilivyowahi ndivyo ilivyosaidia zaidi. Kwa walioumia vibaya haikuonekana faida ya wazi.

Saa tatu, mdogo wangu. Meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, kuja Mwanza peke yake inaweza kuzila zote, bado hujahesabu muda wa kumtafuta mwenye injini, kuchangishana mafuta, na kusubiri mawimbi yatulie. Sasa jiulize: kwa mvuvi anayeumia kambini, ni wangapi hufika kwa daktari wa kwanza ndani ya saa tatu? Nini hasa huwachelewesha, umbali, fedha, au ile fomu ya polisi, PF3, inayosubiriwa kwanza? Swali hilo hawezi kulijibu mtu aliyeko Arizona, wala aliyeko Muhimbili. Linahitaji mtu anayewajua wenye boti.

Nilifika kwenye swali langu la kwanza kwa aibu, na nakusimulia ili usidhani watafiti huzaliwa na maandiko mkononi. Miaka mingi nyuma, hospitali siitaji, zamu ya usiku, wavuvi wawili waligombana wakaletwa pamoja. Mmoja ananuka gongo tangu mlangoni. Nikaandika "ulevi, aangaliwe asubuhi", nikaenda kumshona mwenzake. Yapata saa tisa usiku, nesi mmoja, mama mtu mzima asiye na papara, akanishika mkono wa koti: "Daktari, njoo na tochi." Nikawasha tochi ya simu. Mboni ya kulia ilikuwa pana kama kifungo cha shati, ya kushoto ndogo kama kichwa cha pini. Tulihangaika, akapata rufaa, akapasuliwa, akaishi. Mkono wake wa kushoto haukuvuta tena nyavu. Wiki iliyofuata nilifungua daftari la mapokezi nikaanza kuhesabu wangapi wengine tulikuwa tumewaandikia neno hilo hilo, "ulevi", bila mtu kupima GCS wala kutazama mboni. Utafiti wangu wa kwanza ulikuwa huo: daftari, kalamu nyekundu na aibu.

Sasa kwenye hili la wazungu, wenzako hawajadanganya kabisa. Kuna miradi mtu hujaza fomu miaka mitatu na jina lake halionekani popote. Kabla ya kukubali kushiriki wowote, uliza: swali hili aliliuliza nani, data italala wapi, na jina langu litakaa wapi kwenye makala? Anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kukujibu. Na usimtumie mtu jedwali la wagonjwa kwa WhatsApp, hata awe profesa wa wapi. Data kutoka nje ya nchi ina taratibu zake, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ndiyo mlango.

Ila wanasahau wanakoishi. Mwaka 1995 utafiti uliofanyika hapa hapa Mkoa wa Mwanza ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa, kwa kutumia zahanati na vituo vya afya vilivyokuwepo, kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Dunia nzima iliusoma. Jaribio jingine la mkabala tofauti kule Rakai, Uganda, halikupata matokeo hayo, na mjadala uliofuata ulikuwa mkali na wenye faida. Sayansi ndivyo inavyopikwa. Leo mjini Mwanza kuna kituo cha NIMR, kuna kitengo cha majaribio ya tiba cha MITU, kuna chuo kikuu cha afya cha CUHAS pale Bugando. Watu wanaojua kuendesha jaribio kubwa unapishana nao sokoni Kirumba.

Na tiba ya dharura yenyewe bado ni changa kwetu. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mafunzo ya ubingwa huo kwenye chuo kikuu chake, MUHAS, yakaanza mwaka ule ule. Wewe ukiingia sasa, bado uko karibu na mstari wa mbele wa foleni.

Nianzie wapi, umeuliza. Anzia kwenye daftari, na liwe jembamba. Saa aliyoumia, saa aliyofika, alikuja na nini, helmeti ilikuwepo au la, pombe, mboni zote mbili, presha, oksijeni, saa ya rufaa. GCS iandike kwa sehemu zake tatu, macho, maneno na viungo, kama Teasdale na Jennett walivyoipanga kule Glasgow mwaka 1974. Jumla peke yake huficha mengi, maana 9 ya mtu mmoja si 9 ya mwenzake.

Tahadhari mbili zilizonigharimu. Ya kwanza ni saa. Kwenye daftari moja utakuta muuguzi mmoja ameandika 20:00, mwingine "saa 2 usiku", wa tatu "2:00" tupu. Huyo wa tatu anakupoteza saa sita, na wewe unatafiti dirisha la saa tatu! Amueni mtindo mmoja, ubandikeni ukutani. Ya pili: nilikusanya fomu zangu miezi kadhaa, nikampelekea mtakwimu. Akafunua, akafunua, akanitazama kwa huruma. Presha ilikuwa 120/80 ukurasa baada ya ukurasa, hata kwa mtu aliyeandikwa "amepoteza damu nyingi". Betri za mashine zilikuwa zimekufa, na fomu yangu haikuwa na mahali pa kusema hivyo. Weka kisanduku cha "haikupimwa", na asiaibishwe anayekitia tiki. Utashangaa jinsi kisanduku hicho kitakavyokupa makala ya kwanza, na labda na mashine mpya.

Halafu hao usiojua wanaishia wapi. Hapo ndipo tafiti nyingi za kichwa hufia, kwa sababu kumwona mgonjwa akitoka hai hakukuambii kama alirudi kazini, kama anamjua mkewe, kama hasira zimemtoa kambini. Kuna maswali ya kupimia hali hiyo yanayoulizwa hata kwa simu baada ya miezi sita. Lakini mvuvi hufuata samaki, na laini yake hufuata mfuko wa koti lililozama. Chukua namba tatu: ya mke au mama, ya tajiri mwenye mtumbwi, na ya mwenyekiti wa kitongoji. Tajiri wa mtumbwi huwa anajua walipo watu wake wote, hasa wanaodaiwa.

Daftari la kuboresha huduma unaweza kulianza kwa idhini ya mganga mfawidhi. Siku unapotaka liwe utafiti, kibali cha maadili kije kwanza, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuhesabiwa. Na kwenye dharura suala la ridhaa ni gumu kweli: mgonjwa hajitambui, ndugu bado yuko majini, dawa haisubiri. Kamati za maadili zina njia za kulishughulikia hilo, ila njia hizo haziombwi kwa kurudi nyuma.

Je, uhame? Hapana, isipokuwa mikono yako inawasha kushika kisu. Hapo nenda kasomee upasuaji kwa moyo mweupe. Vinginevyo ubingwa wa dharura ni miaka mitatu, na tasnifu yake inaweza kuwa hilo daftari lako. Wapo wanaokwenda kwanza shahada ya uzamili ya epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa katika jamii. Hukufanya mtafiti mzuri haraka, lakini kwa daktari kijana naona hatari ya kukaa mbali na machela hadi unasahau maswali. Shahada ya uzamivu iache ikuite yenyewe.

Fedha sitakudanganya. Mzee hajakosea hesabu. Duka la dawa linalipa kila jioni, utafiti unalipa ruzuku ikipatikana, na ikiisha unarudi kwenye mshahara. Wengi wetu tumefundisha, tumelala zamu, tukaandika alfajiri. Mwambie mzee ukweli huo, kisha umpe miaka miwili ya majaribio.

Kuna mambo hayamalizwi kwa barua. Mtakwimu mwone uso kwa uso kabla ya kukusanya, kwa sababu baadaye atakuja kama yule wa kupima maiti. Na tafuta mlezi wa kitaaluma CUHAS au kwenye idara ya dharura ya Bugando. Panda basi, uende na kurasa mbili za daftari lako, hata zikiwa chafu. Barua pepe za "naomba uwe mentor wangu" tunapata nyingi. Mtu aliyekuja na data mkononi hatumrudishi.

Sasa kichwa chako. Maumivu, kusahau, kuchoka na mwanga na kelele baada ya mtikisiko wa ubongo kwa wengi hutulia ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu, na kukesha huvichelewesha. Inawezekana ndicho ulichonacho. Lakini damu inayovuja taratibu chini ya utando wa ubongo nayo hupenda kujitokeza kwa wiki na miezi, na wewe na mimi hatuwezi kuzitenganisha kwa kuandikiana. Pia sijui unameza nini. Kama ni vidonge vya maumivu zaidi ya nusu ya siku za mwezi, vyenyewe vinaweza kuwa ndiyo sababu kichwa hakiachi. Mwambie mfawidhi wako ukweli, akutoe zamu za usiku kwa muda, usiendeshe pikipiki, na uende ukachunguzwe wiki hii; anayesahausahau hatakiwi kuwa peke yake na dozi za watoto saa kumi alfajiri. Ukifika useme tarehe uliyoanguka, kama ulizimia, na dawa zote unazotumia. Na mchukue mtu aliyekuwepo siku ile. Za dakika zile wewe si shahidi mzuri.